Mara Mia Moja na Hamsini

Kuna mkono unaofika kwenye koti, ukalipapasa, ukageuza kile kikaratasi cha bei kinachoning'inia kwenye ukosi, kisha ukarudi mfukoni. Koti ni la baridi, limetundikwa katika duka la kawaida la mji mdogo wa Ujerumani mwezi wa Novemba, na bei yake ni yuro 60. Mkono ni wa kijana aliyetoka Keroka, Suneka au Nyamaiya, kule Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, aliye katika mwaka wa kwanza wa uanagenzi wa uuguzi. Kilichourudisha si ukata, maana yuro 60 anazo. Kilichourudisha ni hesabu iliyopigwa kichwani kabla ya kope kupepesa: sitini mara mia moja na hamsini, maana yuro moja ni kama shilingi 150, jumla shilingi elfu tisa. Elfu tisa kwa koti! Pale soko la Daraja Mbili, Kisii mjini, koti zito kama hilo huchakurwa katika marundo ya mitumba likapatikana kwa mia tano, na mnunuzi akishikilia bei yake, mia nne. Basi kijana anavaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kutoka nje kwenye baridi. Mtu akipita hataona chochote cha ajabu: mnunuzi ametazama bei, ameiona kubwa, amekwenda zake. Lakini katika safari fupi ya mkono huo, kutoka kwenye ukosi hadi mfukoni, umepita mlima wa mambo, na kila nikiutafakari naona kwamba ulirudi kwa sababu isiyo ya kweli.

Ninaloamini ni hili: hesabu ile, ijapokuwa tarakimu zake ni sahihi, inapotosha, na inaumiza pande mbili kwa mpigo. Nyumbani, jamaa huchukua mshahara wa kijana na kuuzidisha mara mia moja na hamsini, anatokea tajiri. Ugenini, kijana huchukua bei ya kila kitu na kuizidisha kwa nambari ileile, anatokea maskini. Mtu ni mmoja, mfuko ni mmoja, mwezi ni mmoja, na nambari moja inamfanya kuwa mwenye nacho kwa watu wa kwao na mhitaji mbele ya rafu ya mikate. Hakuna anayemdanganya mwenzake. Mama anayeomba karo ya mtoto wa mwisho haombi kwa tamaa, na kijana anayejibu kwamba huku maisha ni ghali hasemi ili akwepe. Wote wawili wamepima kwa kipimo ambacho hakikutengenezewa kazi hiyo, na lawama zinazofuata, zile simu zisizopokelewa na ule ukimya wa wiki mbili tatu, chanzo chake ni kipimo hicho zaidi ya roho ya mtu yeyote.

Tuanzie nyumbani. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini jijini Berlin mkataba wa uhamiaji na ajira, Rais William Ruto akiwa mgeni wa Kansela Olaf Scholz. Kabla wino haujakauka, nafasi 250,000 za kazi zilikuwa zikitajwa kila mahali, hata serikali ya Ujerumani ikalazimika kueleza kwamba mkataba haukuwa na idadi yoyote. Kuzidisha kulitangulia ndege. Moja ya njia zinazowapeleka vijana huko ni Ausbildung, uanagenzi wa miaka mitatu ambapo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya darasa na kazi, na hulipwa tangu mwezi wa kwanza. Katika taasisi za umma, mwanagenzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza alilipwa takriban yuro 1,340 kwa mwezi mwaka 2024. Zidisha: laki mbili na ushei. Sasa kumbuka kwamba mwaka huohuo madaktari wa Kenya waligoma karibu miezi miwili, na mojawapo ya madai yao ilikuwa daktari mwanagenzi alipwe shilingi 206,000 kwa mujibu wa makubaliano ya 2017, badala ya 70,000 ambazo serikali ilikuwa tayari kutoa. Mzee aliye kwenye foleni ya kupimiwa majani chai kule Kebirigo, akisikia kwamba mjukuu wake aliyemaliza shule juzi analipwa laki mbili, ana kila haki ya kushtuka. Hizo ndizo fedha ambazo daktari mzima aliziingilia barabarani.

Lakini zifuate hizo 1,340 zinakokwenda. Bima ya afya, ya uzeeni, ya ukosefu wa kazi na ya matunzo huchukua karibu moja ya tano kabla ya mshahara kuingia benki. Zinabaki kama 1,070. Chumba, hata kile kidogo katika hosteli ya wafanyakazi, tuseme 400. Tikiti ya mwezi ya mabasi na treni za mikoani ilikuwa 49 mwaka 2024. Ada ya redio na televisheni ya umma ni yuro 18.36 kwa kila makazi kwa mwezi, hata kama huna televisheni wala hujawahi kuwasha redio. Chakula, kwa mtu anayepika mwenyewe na hagusi mkahawa, 200. Simu, sabuni, vitabu, viatu. Mwishoni zinabaki kama 300, na hizo ndizo anazoweza kugawana na nyumbani bila kuingia kwenye deni. Mzee wa Kebirigo hakosei kuhesabu. Amehesabu mwanzo wa mto na kuuita kisima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda hiki kiko mbali, tena picha anazotumiwa ni za theluji na tabasamu.

Upande wa pili wa hesabu ndio unaonihuzunisha zaidi, kwa sababu huko kijana anajipunja mwenyewe. Bei haina maana ikitengwa na kazi inayoilipia. Yule mwanagenzi akigawanya kile kinachomfikia kwa saa anazofanya, wiki yake ikiwa ya saa thelathini na nane hadi thelathini na tisa, anapata yuro sita na senti kadhaa kwa saa. Mkate wa yuro mbili, ambao kichwani mwake ni shilingi mia tatu na kashfa, anaulipia kwa dakika ishirini hivi. Nyumbani mkate wa kawaida wa gramu 400 ni shilingi sitini na kitu. Mchumaji wa chai wa kibarua, tuseme analipwa shilingi kumi kwa kilo, anaulipia kwa kilo sita na nusu za majani mabichi, na kilo hizo hazikai kikapuni kwa dakika ishirini. Turudi kwenye koti. Yuro 60 ni saa tisa na nusu za mwanagenzi, siku moja ya kazi na nyongeza kidogo. Lile la mia tano pale Daraja Mbili ni kilo hamsini za majani, siku mbili za mchumaji anayejaza kilo ishirini na tano kwa siku. Koti ghali ndilo la Daraja Mbili! Tena huenda mmiliki wake wa kwanza alikuwa Mzungu, kwani Ujerumani ni miongoni mwa nchi zinazouza mitumba nje kwa wingi. Kijana amekwenda hadi kwenye chemchemi ya makoti, akasimama hapo akitetemeka, kwa kuwa anataka kulipa bei ya koti lililokwisha kuvuka bahari ndani ya marobota.

Ukipima kwa saa, rafu nzima hupangika upya. Vitu vinavyozalishwa kwa wingi hushuka: sufuria, shuka, mchele, mayai, hata ndizi, ambazo mtoto wa Gusii aliyezoea kuona mikungu imepangwa kando ya barabara huona aibu kuzinunua kwa kilo. Vinavyopanda ni vile vinavyohitaji nafasi au mkono wa mtu. Chumba kinameza saa sitini na zaidi. Kusukwa nywele, jambo ambalo msichana wa Nyamira hulifanya Jumapili barazani kwa dada yake au kwa shilingi chache sokoni, mara nyingi hupita yuro mia moja, siku mbili za kazi, kwa sababu msusi naye anaishi katika chumba cha bei hiyohiyo. Kwetu vitu ni ghali na mikono ni rahisi. Kwao mikono ni ghali na vitu ni rahisi. Na hapa, mbele ya rafu, kuna swali ambalo hesabu ya mia moja na hamsini humzuia kijana asilione: yeye mwenyewe ameitwa kule kama nini? Zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano Ujerumani ametimiza miaka 65, na idara ya takwimu ya nchi hiyo ilikadiria mwanzoni mwa 2024 kwamba kufikia 2049 kutakuwa na upungufu wa wauguzi kati ya 280,000 na 690,000. Ameitwa kwa sababu ya mikono yake. Mikono inayomgeuza mzee kitandani, kumwosha mgongo, kumlisha uji polepole ili usimpalie. Wakati uleule, kule Nyamira, nyanya yake anatunzwa na mfanyakazi wa nyumbani anayelipwa kwa fedha zilizotumwa. Sijui sarafu inayoweza kulipima badiliko hilo, na wala sidai kwamba ni kosa la mtu. Nasema tu kwamba anayeshughulika kuzidisha bei ya mkate hapati nafasi ya kuliuliza.

Kwa nini basi anaendelea kuzidisha? Nadhani jibu liko katika soko lililomlea. Sokoni Keroka au Daraja Mbili bei ni mazungumzo. Mama wa mahindi anajaza gorogoro, lile kopo la kilo mbili, mpaka punje zinafanya kilima mdomoni. Mnunuzi anamwita mama, anamuuliza habari ya watoto, anaomba apunguziwe, anakataliwa, anaomba nyongeza, na kiganja kimoja kinaongezwa juu ya kilima, nusu yake ikimwagika kwenye gunia. Asiyekuwa na fedha leo huandikwa kwenye daftari la duka hadi chai ilipwe. Bei hiyo inamjua mtu. Katika duka la Ujerumani bei imekwisha kuamuliwa na watu asiowaona; mashine inalia, mtunza fedha anauliza kama anataka risiti, na foleni inasonga. Jumapili hakuna duka la kawaida lililofunguliwa, desturi iliyolindwa na katiba yao. Na kwa kuwa watu wengi wa Gusii ni Waadventista, dhehebu lililokita mizizi Nyanchwa, Kisii, tangu miaka ya 1910, kijana anayeitunza Sabato hupoteza Jumamosi pia. Ununuzi wote wa wiki anaubana katika jioni za katikati ya wiki, kabla Sabato haijaingia Ijumaa jua likizama, akitoka kazini, miguu ikiuma. Hana wa kupatana naye bei. Aliyebaki ni ile nambari kichwani. Kuzidisha mara mia moja na hamsini ndiko kubishania bei alikobakiwa nako, na ni kama kuita nyumbani kuje kumsemea.

Kuna atakayenipinga kwa hoja nzito: yuro inayotumwa nyumbani inageuka shilingi kwelikweli. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu takriban dola bilioni 4.9 zilizotumwa na Wakenya wa ng'ambo mwaka 2024, na sehemu ya fedha hizo imejenga Gusii kwa macho ya watu wote, tangu enzi za waliotangulia Minnesota, Marekani, kufanya kazi katika nyumba za wazee za Brooklyn Park na vitongoji jirani. Kila yuro asiyokula kijana ni shilingi mia na hamsini za karo. Hili nakubali, lakini linahusu yuro inayovuka tu. Inayobaki huko, ya chumba na basi na mkate, haigeuki kitu. Inazaliwa yuro na kufa yuro. Hata ile inayovuka haina thamani ya kudumu. Januari 2024 yuro moja ilipita shilingi 170; Desemba mwaka huohuo ilikuwa kama 135; ilipofika katikati ya 2025 ikarudi karibu na 150. Yuro mia moja zilezile zilizotumwa nyumbani zilipungua kwa zaidi ya shilingi elfu tatu ndani ya mwaka, na kijana hakuongeza wala kupunguza jasho. Mtu wa Nyamira hahitaji kufundishwa jambo hili. Chai yake hunadiwa Mombasa kwa dola, na bonasi ya 2025 iliposhuka, KTDA, shirika linalosimamia chai ya wakulima wadogo, yenyewe ilitaja kuimarika kwa shilingi kuwa moja ya sababu. Mkulima aliyechuma vilevile akalipwa pungufu kwa sababu ya kiwango cha kubadilisha fedha anajua tangu zamani kwamba nambari hiyo hutembea bila kumuuliza. Anachosahau ni kwamba inatembea vivyo hivyo kwenye mshahara wa mtoto wake.

Mwingine atasema kuwa mazoea haya, hata kama hayana mantiki, yanafunza uangalifu. Haba na haba hujaza kibaba. Bora kijana anayezidisha kuliko anayetapanya. Na ni kweli, uangalifu wenyewe una uzuri wake. Tazama mashine ya kurudishia chupa iliyo mlangoni mwa duka: kijana anaingiza chupa ya plastiki kitako mbele, inazungushwa ndani hadi mistari yake isomwe, inamezwa kwa kishindo cha plastiki inayopondwa, na kwenye kioo kidogo hesabu inapanda kwa senti 25. Sheria hiyo ya amana ilianza Januari 2003. Chupa nane ni yuro mbili. Anabonyeza kitufe, karatasi inatoka, anaipeleka kwa mtunza fedha na kupata mkate. Hapo hakuna aliyepunjwa. Lakini uangalifu una mpaka, na mpaka huo ni mwili. Mwanagenzi wa uuguzi huinua watu wazima, husimama saa nane, huamka gizani Januari kwenda zamu ya alfajiri. Anayekula mchele na yai wiki nzima kwa sababu nyama imezidishwa ikawa ghali, anayekwenda kituoni bila koti, anakata mkono wenyewe uliomfikisha hapo. Akiugua muda mrefu na kukosa masomo na zamu kupita kiwango, mtihani wake unaweza kuahirishwa. Hiyo ni gharama pia, ila haiandikwi kwenye karatasi ya bei.

Pingamizi la tatu ndilo gumu, na silijibu kwa wepesi. Kijana huyu hakwenda peke yake. Kisii ilihesabiwa watu 1,266,860 katika sensa ya 2019, Nyamira 605,576, kwenye ardhi iliyogawanywa na kugawanywa tena mpaka shamba la mrithi linapitika kwa pumzi moja. Masomo ya Kijerumani hadi kiwango cha B1 au B2, mtihani, visa, nauli: ili kulipia hayo familia imeuza ng'ombe, imekopa kwenye sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, imekodisha shamba la chai kwa misimu kadhaa, imeita harambee ambapo mjomba alitoa elfu kumi mbele ya watu. Mkono mtupu haulambwi, na mkono huu haukupewa kitu bure. Je, ana haki gani ya kujinunulia koti kabla ya kukomboa shamba? Ninajibu kwamba deni ni la kweli na lilipwe. Lakini deni lenye heshima lina kiasi na lina mwisho. Lile linaloletwa na nambari mia moja na hamsini halina vyote viwili: kila mwezi mshahara mzima unahesabiwa upya kana kwamba ni faida, shamba likikombolewa linakuja paa, paa likiisha inakuja pikipiki ya kaka, na kijana hajui amelipa kiasi gani wala amebakisha kiasi gani. Koti la kazini haliko upande wa starehe katika daftari hilo. Liko upande wa mtaji, pamoja na nauli.

Jambo hili lafaa kusemwa katika mwaka wa kwanza, wakati nambari bado ni ndogo. Muuguzi aliyehitimu katika taasisi za umma huanza na zaidi ya yuro 3,000 kabla ya makato, na makato yake ni makubwa kuliko ya mwanagenzi kwa sababu kodi nayo huingia. Kule kijijini zitasomwa kuwa laki nne na nusu. Anayengoja hadi hapo aeleze chumba na bima atakuwa amechelewa, na ataonekana amebadilika kwa sababu ya fedha. Wengine watasema kuandikiana deni kati ya mzazi na mwana ni ubaridi wa Kizungu. Sioni hivyo. Gusii imejaa vyama vya akina mama vyenye katibu, sacco za chai zenye vitabu, kamati za mazishi na za harambee zinazosoma kwa sauti nani ametoa na nani ameahidi, na hakuna anayedhani kwamba kuandikwa kumeondoa upendo. Familia inaweza kukubaliana kiasi cha kila mwezi kwa yuro, si kwa shilingi, ili kiwango kikipanda wafurahi pamoja na kikishuka wavumilie pamoja. Ikaandika shamba litakombolewa lini, na baada ya hapo kiasi kitapungua kufikia ngapi. Madaftari ya kuandikia yapo na waandishi wapo, na mtoto aliye Ujerumani anastahili ukurasa wake humo, wenye safu ya alichotoa na safu ya alichobakisha.